Ukuta wa Alama Tisini na Nne

Jumatano, 2 Mei 2012

Bwu.

Sauti hiyo tu. Nimerudi nayo, nimekula nayo ugali, sasa iko nami hapa. Siku nzima nimegonga kuta kwa nyundo — ko, ko, ko, ukuta mzima unavyojibu — halafu juu ya mlango wa wodi ya wazazi, kulia: bwu. Kama debe lililojazwa matambara.

Na ile ni lipu mpya! Imepigwa mwezi uliopita. Lipu iliyoshika hailii hivyo.

Fundi Simioni alikuwa nyuma yangu na vibarua wake. Akasema, Injinia, gonga taratibu, watoto watadhani wanaitwa watoke. Wakacheka, mmoja mpaka akachuchumaa. Mimi si injinia. Ni mkadiriaji majengo. Nimewaambia, wanasahau makusudi.

Kituo cha afya cha Kebosongo ndicho cha kwanza. Katika majengo yote ya umma niliyopewa kupima, huku Tarime na kule Serengeti, hakuna lililokifikia: alama tisini na nne kwa mia. Kipimo cha matengenezo nimekitunga mwenyewe, ofisini wakakipigia makofi. Ubovu ukiripotiwa, unatengenezwa haraka kiasi gani? Kazi ngapi zimekamilika? Eneo ni safi? Basi. Kebosongo wanaripoti kila mara, wanatengeneza kila mara, uwanja wao umefagiliwa kama sahani.

Kule karibu na Robanda kuna zahanati ambayo bati lake limeshikiliwa na mawe. Tembo waliangusha mnara wa tenki, hakuna aliyeripoti lolote. Thelathini na moja. Lakini nilipogonga kuta zake, zote zilisema ko.

Nina hasira na ukuta. Upuuzi.

Ijumaa, 4 Mei

Kelele za mashine za karasha tangu alfajiri. Shemeji Kisyeri ana mbili uani, zinasaga mawe ya watu, vumbi linaingia mpaka kwenye chai. Kila mtu huku anasaga, anaosha, anauza. Bei ya dhahabu imepanda mpaka walimu wanaugua kwa zamu. Juzi nimemwona mchungaji ana koleo jipya.

Nakaa kwao kwa sababu dada Apiyo ni mtoto wa mama mkubwa, na kwa sababu Kebosongo hakuna nyumba ya wageni ambayo mwanamke analala akaamka na heshima yake. Dada amekulia Migori, Mjaluo kama mimi, kaolewa huku na Kisyeri, Mkurya. Ndugu wa pande zote mbili walinuna. Sasa ana tumbo, na miezi imetimia. Mimba ya kwanza iliishia vibaya: walimkimbiza Tarime mjini kwa pikipiki kwa sababu kituo hakikuwa na mkunga, mtoto akafia njiani. Hajawahi kunisimulia zaidi ya hapo. Ila akitaja ile wodi, sauti yake inabadilika.

— Safari hii naenda kwa miguu yangu, anasema. Natoka hapa, napita kwenye mihogo, nafika, najifungua, narudi. Pikipiki sitaki hata kuisikia.

Nikamwambia ule ukuta siupendi.

— Akinyi, wewe tangu utoto kuna kitu gani unapenda?

Nimekaa nafikiria. Sijapata.

Jumatatu, 7 Mei

Kifusi kiko wapi?

Swali dogo, limenijia nikinawa uso. Fundi akibomoa lipu ya chumba kizima kinabaki kifusi cha kujaza tela. Kila jengo nililopima lina kilima chake nyuma. Kuku wanakipanda, watoto wanakitelezea. Kebosongo wamebomoa na kupiga lipu upya mara nne tangu mwaka jana, na hakuna hata kokoto. Na mimi nikawapa alama zote za usafi!

Nimemwuliza Sista Judith, mfawidhi wa kituo. Mwanamke mrefu, sauti ya chini, anakutazama kama umechelewa kliniki. Akasema kifusi kimefukia mashimo ya barabara. Barabara gani? Ya huko. Huko wapi? Akaniita kwa jina langu la ofisini:

— Beryl, unataka nizalishe wajawazito au nikutafutie kokoto?

Mashimo ya barabara ya Kebosongo yako palepale. Nimetumbukia kwenye mawili nikirudi.

Jumanne, 8 Mei

Nimekiona kifusi.

Nilikuwa naanika khanga uani. Kwenye lundo linalosubiri karasha ya pili, vipande vyeupe, bapa, si mawe. Nikaokota kimoja. Upande mmoja chokaa, na mstari wa rangi ya bluu. Bluu ya wodini! Ile wanayopaka chini ya ukuta mpaka kiunoni. Khanga ikaanguka matopeni, nikaiacha.

Shemeji hakujificha hata kidogo. Alizima karasha ili nimsikie vizuri.

— Shemeji, umechelewa kujua. Na shule yote hiyo!

Akanieleza kama anayemwonyesha mgeni shamba. Kituo kilijengwa enzi za rasha ya kwanza ya dhahabu, kijiji kizima kilijitolea nguvu. Mchanga wa mtoni ulikuwa mbali. Mchanga wa mwaloni, kule wanakooshea, ulikuwa karibu, marundo kwa marundo, ule uliokwisha kuoshwa dhahabu na kutupwa. Marudio, wanaita. Wakajengea marudio. Wakapigia lipu marudio. Wakati ule watu waliosha kwa karai na zebaki, mali nyingi ikabaki mchangani na hakuna aliyeiona. Leo kuna matangi, wanaloweka mchanga kwenye dawa, inatoka mpaka ile ambayo jicho halioni. Marudio ya zamani sasa yanagombewa kuliko mawe mapya.

— Wazee walijifungia ndani ya mali bila kujua, akasema. Sisi tunabadilishana tu. Tunatoa lipu yenye kitu, tunaweka lipu isiyo na kitu. Nani kaibiwa?

Nikamwuliza nani anaamua kwamba lipu ni mbovu.

— Si Simioni? Anaripoti ubovu, na nyie ofisini mnatoa ruhusa mbio mbio msipoteze alama. Zamani tulikuwa tunasubiri mpaka tunachoka. Hicho kipimo kizuri sana, shemeji. Aliyekitunga abarikiwe.

Alikuwa anacheka. Anajua ni mimi. Anajua kabisa.

Akawasha karasha. Kipande changu nimeondoka nacho, kiko hapa chini ya mto.

Alhamisi, 10 Mei

Lipu si kitu. Ukuta usio na lipu unasimama miaka. Nimejituliza hivyo tangu juzi. Lakini bwu haikuwa sauti ya lipu peke yake, na nilijua tangu siku ile, na nilikuwa najidanganya kwa sababu uongo huo unanipa usingizi.

Leo nimemngoja Simioni aende kula. Nikachukua msumari wa inchi sita, nikapanda kwenye stuli, nikatafuta mstari wa tofali juu ya mlango. Lipu ilipasuka kama ganda la yai. Msumari ukaingia. Wote! Sikuupiga nyundo. Niliusukuma kwa kidole gumba.

Wamekwangua saruji ya katikati ya tofali. Lipu ya zamani imekwisha, sasa wanakula viungo, halafu wanafunika kwa lipu nyembamba na rangi. Tofali zimepangana tu kama vitabu. Juu yake linta, mkanda wa zege unaozunguka jengo. Juu ya linta mbao za kenchi na bati za upande wote ule. Kinachozishikilia ni mazoea.

Mama mmoja kitandani alikuwa ananitazama. Kaniuliza kitu kwa Kikurya, sikuelewa. Nikatabasamu. Nalichukia lile tabasamu mpaka sasa.

Nikamwonyesha Sista Judith. Aliuchomoa msumari mwenyewe, akaurudisha, akauchomoa tena. Akanirudishia mkononi.

— Umetoboa ukuta wangu, akasema.

Nimepanda kichuguu kutafuta mtandao, nimempigia mkuu wangu, Mhandisi Stanslaus. Nimwandike alivyosema nisije nikamwonea baadaye. Kasema Jumatano ijayo wageni wanatoka mkoani kuja kuona jengo linaloongoza. Jina langu limo kwenye hotuba yake. Vijana wengi wangetamani. Nikasema ukuta utaanguka.

— Umeanguka?

— Bado.

— Basi umesimama.

Jumapili, 13 Mei

Nimesema kanisani. Wakati wa matangazo nilinyoosha mkono, mchungaji akadhani nina shukrani.

Nimewaambia kwa Kiswahili cha polepole: ukuta wa wodi ya wazazi umekwanguliwa ndani, mtu asimlaze mkewe pale, asimlaze binti yake. Mama mmoja wa mbele, mama yake Robi, akageuka akauliza kama ni kweli Wajaluo wanataka kituo kihamie kwao. Nani kasema hivyo? Watu wanasema.

Simioni alikuwa amekaa karibu na dirisha na suti yake ya harusi.

— Mura, jamaa zangu, msikilizeni vizuri, akasema. Huyu ameusikia ukuta ukiongea.

Kanisa zima. Kicheko mpaka kwaya. Mchungaji alitazama Biblia yake. Nusu ya wale waliocheka wana marudio nyumbani, na nusu wanayatafuta. Nimetoka kabla ya sadaka.

Dada hakunisubiri njiani. Nimemkuta jikoni, anapuliza moto, hakugeuka.

— Wodi ikifungwa mimi napandishwa pikipiki. Unajua hilo?

— Dada, ukuta —

— Wewe una ukuta. Mimi nina mtoto.

Nikamwambia amwulize mumewe mchanga wake unatoka wapi. Moto ulikuwa umeshawaka, yeye akaendelea kupuliza.

— Kisyeri ananunua kinacholetwa, akasema. Ukikaa kwa mtu unakula anachokula.

Nimekula. Nilikuwa na njaa. Najidharau.

Jumatatu, 14 Mei

Mhandisi Stanslaus amekuja na gari kukagua maandalizi. Nimempa msumari. Nimempa kile kipande cha bluu. Akavigeuza, akavitia mfukoni, akanipa pole kwa kazi nzito. Nikadai msumari wangu! Akanirudishia, anacheka. Kipande kakaa nacho.

Nikamwomba aingie aone mwenyewe. Hakuingia. Alisimama uani juani muda wote, anapangusa shingo, anatoa maagizo kwa kidole: rangi pale, mapambo pale, picha ya wageni ipigwe hapa. Juani! Kibaraza kina kivuli kizuri, benchi liko tupu, na mlango wa wodi uko hapohapo. Amesomea uhandisi. Anajua pa kusimama.

— Sista afunge wodi mpaka wageni wapite, nikasema.

— Waje kuangalia kufuli?

— Basi afunge wakishapita.

— Wakishapita tutaona. Beryl, wewe una akili nyingi lakini huna marafiki. Hilo nalo ni tatizo la matengenezo.

Aliipenda hiyo. Aliirudia kwa dereva.

Sista Judith nimemfuata faragha. Safari hii hakunikemea. Kasema akifunga kabla ya wageni atahamishwa kabla ya mwezi kwisha, na atakayeletwa hatajua hata kushika mtoto. Akiacha wazi, pengine Mungu atasaidia. Wamechukua nini, nikamwuliza, wamekupa nini?

— Wamenipigia lipu, akasema. Kila nilipoomba. Unajua nilikaa miaka mingapi naomba bila kujibiwa?

Nimeondoka na hasira yangu, sasa haina pa kukaa.

Simioni amepaka rangi mchana kutwa, anapiga mluzi. Nyeupe juu, bluu chini. Jioni mvua kubwa na upepo. Nimepita kwenda kuangalia. Kwenye kona ya linta, ndani ya rangi ambayo haijakauka, kuna ufa. Mwembamba kama unywele.

Jumanne, 15 Mei

Naandika nimekaa kwenye benchi, chini ya mti wa mjakaranda, nje ya kituo. Nikiacha kuandika nitawatazama, na sitaki kuwatazama.

Asubuhi ufa ulikuwa unapokea ukucha. Jua lilipopanda ukapokea kidole. Vumbi jembamba lilikuwa linashuka kutoka kwenye linta, kidogokidogo, kama mtu aliye juu anapepeta unga. Ndani kulikuwa na wazazi wawili na vichanga vyao. Simioni alikuwa hajaja, Sista yuko kliniki. Sikumwomba mtu ruhusa. Nikaingia, nikamchukua mtoto mmoja kitandani, nikatoka naye. Mama yake akanifuata anapiga kelele, wa pili akafuata na wake. Kumtoa mzazi kwa kumnyang'anya mtoto! Lakini walitoka. Nikawaweka chumba cha chanjo, jengo la upande wa pili. Nikarudi kuchukua magodoro, nikarudi tena kuchukua vifaa vya kuzalishia, kila safari nikipita chini ya ule mlango nimebana pumzi, kana kwamba pumzi ndiyo ingeuangusha. Kitanda cha kujifungulia kimebaki. Ni cha chuma, hakipiti bila kung'oa fremu. Na fremu —

Nikafunga kufuli. Madirisha yana nondo. Ufunguo ulikuwa unaning'inia palepale kwenye msumari wake.

Sista Judith alikuja mbio, kwa mara ya kwanza nikasikia sauti yake ikipanda. Beryl, ufunguo. Nikasema hapana. Kesho wageni! Hapana. Akanishika ukosi. Akaniachia, akanishika tena. Watu wakaanza kujaa: wa kliniki, wa sokoni, vibarua wa Simioni na Simioni mwenyewe na ndoo ya rangi.

Ndipo dada akatokea kwenye mihogo.

Alikuwa anatembea. Mkono mmoja kiunoni, mwingine ameshika kijiti cha muhogo kama fimbo, anasimama, anainama, anatembea tena. Akaniona kwa mbali akacheka!

— Akinyi! Unaona? Natembea.

Halafu akauona mlango. Akaona kufuli, akanitazama mimi, akatazama kufuli. Sista akamshika mkono akampeleka chumba cha chanjo, kwenye godoro, chini. Mpaka sasa yuko huko. Namsikia. Anamwita mama yake kwa Kijaluo, na mama mkubwa yuko Migori.

Kisyeri amekuja na mtaimbo.

Watu wamempisha. Vunja, vunja! Mama yake Robi ndiye anayeongoza. Kisyeri hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja, akachomeka ncha ya mtaimbo kati ya fremu na ukuta, upande wa kulia, akatanua miguu. Rangi mpya ikamdondokea mkononi. Kisha vumbi. Akasimama, akainua uso kutazama linta.

Nikamwambia kutoka hapa nilipo, kwa sauti ya watu wote:

— Piga, shemeji. Huo ukuta unaujua kuliko mimi.

Hajapiga.

Bado ameshika mtaimbo. Mkewe analia ng'ambo ya ua na yeye ameshika mtaimbo na hapigi. Kijana mmoja amemwambia, lete mura, nipige mimi. Kisyeri amemsukuma kifuani, kwa nguvu, mpaka kijana akaanguka mbali na mlango. Simioni ameweka ndoo chini. Anarudi nyuma, polepole, amefika kwenye ua wa minyaa. Na watu, nawaona pembeni mwa jicho, wameacha kunitazama mimi. Wanamtazama Kisyeri. Wanatazama anachokitazama.

Mama yake Robi ameuliza kitu kwa Kikurya. Kwa sauti ndogo. Kisyeri bado anatazama linta.

Sista Judith ametoka chumba cha chanjo, mikono imelowa, anataka kitanda. Kichwa kinakuja, anasema, nataka kitanda changu! Mpekueni huyo msichana, ufunguo uko mfukoni kwake. Wanawake watatu wanakuja upande wangu sasa. Hawakimbii. Mmoja wao ndiye yule aliyeniuliza swali kwa Kikurya siku ya msumari.

Waje. Mfukoni nina msumari tu. Ufunguo niliutumbukiza chooni asubuhi, mara tu nilipofunga, kabla dada hajafika, nikasimama pale juu ya tundu mpaka niliposikia umefika chini.